Aliyechukua Damu Gerezani

Mimi si mtu wa kusamehe. Nalisema mapema tusije tukachoshana. Dada yangu amenisema kwa hilo tangu tukiwa watoto, eti moyo wangu una kufuli, nami humjibu kwamba heri kufuli kuliko mlango wazi ambao kila mbwa anapita. Zamani tulikuwa tunacheka. Kisha dada akaolewa na mtu ninayemwita Profesa Suti, na utani huo ukaisha.

Naongoza kitengo cha majarida cha maktaba ya chuo kikuu. Ukishuka ngazi za chini, ukapita rafu za magazeti ya zamani na choo ambacho kitasa chake kimeharibika tangu nianze kazi, utakuta mlango wetu. Ndani tupo mimi, mashine mbili za kuchapia zinazogombania soketi moja, na fundi wa mitambo tunayemwita Mbio kwa sababu hana haraka na jambo lolote duniani. Walimu wanatuletea makala. Tunazipeleka kwa wasomaji wawili wasiomjua mwandishi, wanazichambua, wanazirudisha, mwandishi anarekebisha huku anatulaani, tunapanga kurasa, tunazipandisha mtandaoni na dunia nzima inasoma bure. Wahadhiri wananiita Mama Nukta. Nimezoea, na kusema kweli napenda.

Kazi yetu ina sheria moja ambayo watu hawaijui mpaka iwaume. Makala ikishachapishwa, haifutwi. Hata ikigundulika ni uongo mtupu, inabaki pale pale na jina la mwenyewe, ila kila ukurasa unapigwa maandishi mekundu ya mshazari: IMEBATILISHWA. Mjukuu wa huyo mwandishi akija kumtafuta babu yake mtandaoni, ndicho atakachokikuta. Nimewahi kuyaweka maandishi hayo kwa mtu nisiyemjua hata sura, na wakati nabonyeza nilikuwa namwaza shemeji yangu.

Maana Profesa Suti alikuwa shemeji yangu kwa miaka mingi. Mtanashati, mcheshi, ananukia vizuri, mtu wa kumbebea mama yangu mfuko wa sokoni watu wakiwa wanatazama. Wakati huo dada alikuwa muuguzi na mtafiti. Aliomba kibali cha kuingia gereza la wanawake kuchunguza kwa nini wafungwa wajawazito walikuwa wanaanguka anguka. Alienda mwaka mzima. Alikaa nao sakafuni, akawachukua damu, akapima, akawauliza wanakula nini, na nani anakula kabla ya nani. Alirudi nyumbani nguo zinanuka dawa ya kusafishia sakafu, anaketi mezani anaandika mpaka chai inapoa. Makala ilipokamilika akampa mumewe ainyooshe lugha, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na maneno ya kisomi.

Bwana mkubwa akainyoosha mpaka jina la dada likadondoka. Ilitoka kwenye jarida la afya, ambalo enzi hizo yeye mwenyewe ndiye alikuwa mhariri wake, ikiwa na mwandishi mmoja tu. Dada alipouliza, akaambiwa usijali mke wangu, wewe utakuwa kwenye ile ya pili. Ya pili haikuja. Alichokuja kupata dada ni talaka.

Makala ile ikawa maarufu. Kwa ajili yake magereza yakaanza kuwapa wajawazito vidonge vya kuongeza damu na chakula cha ziada. Kwa ajili yake shemeji akapata uprofesa. Na dada? Dada anafundisha chuo cha uuguzi. Makala hiyo imo kwenye masomo yao. Kila mwaka anasimama mbele ya wanafunzi, na kila mwaka binti mmoja mwenye bidii ananyoosha mkono na kumweleza dada yangu kile alichokigundua Profesa fulani kuhusu damu ya wafungwa. Anawapa alama. Kila nikilikumbuka hilo, mate yananikauka.

Basi, siku moja mlango wa ofisi ukafunguliwa, manukato yakatangulia, mwenyewe akafuata.

"Shemeji," akasema, utadhani tulionana jana kwenye harusi. "Hujambo? Hunenepi tu?"

"Sijambo. Ushemeji ulikwisha, ila karibu."

Alicheka. Alikuja na shida. Alikuwa anatajwa kuwa Naibu Mkuu wa Chuo, na kamati ya uteuzi ilitaka kuona kazi zake. Makala yake kubwa, ile ile, ilikuwa bado haijapanda mtandaoni kwa sababu jarida la afya lilijiunga nasi majuzi tu na matoleo yake ya zamani tulikuwa tunayaingiza moja moja. Alitaka yake iruke foleni, na ikiwezekana ikae ukurasa wa mbele.

"Najua wewe ndiye mwenye funguo hapa," akasema.

Nikamwambia nitaona linalowezekana. Alipotoka, Mbio alinitazama akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo, na dawa yake nimeshaiona.

Jioni nilikwenda kwa dada. Nilimkuta anasahihisha mitihani jikoni, nikamwambia kabla sijaketi kwamba sasa tumempata, kwamba nitafungua shauri, nitasema makala imepatikana kwa udanganyifu, na nitaipiga maandishi mekundu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Dada aliweka kalamu chini. "Ukishaipiga hayo maandishi, ina maana gani kwa msomaji?"

"Kwamba haifai. Asiitumie."

"Na vidonge?"

Sikumwelewa.

"Vidonge vya wale wanawake, mdogo wangu. Vinatolewa kwa sababu ya makala ile. Kuna bwana mahali fulani kazi yake ni kutafuta cha kupunguza kwenye matumizi. Akiona imebatilishwa, ataanza na nini? Na namba ni za kweli. Nilizipima mimi. Leo unataka kuandika kwamba ni za uongo?"

"Nataka kumwandika yeye."

"Basi mwandike yeye. Kazi yangu iache." Kisha akasema kwa sauti ndogo, bila kuniangalia: "Mimi sitaki afe. Nataka jina langu."

Niliondoka nimenuna. Unamletea mtu kichwa cha adui yake kwenye sinia, yeye anauliza habari za vidonge. Lakini njiani hasira ilianza kupata akili. Jina. Sawa. Nitalipata, na nitahakikisha yeye mwenyewe ndiye analitoa mdomoni mwake.

Hapa niwaeleze desturi yetu moja. Kabla makala ya zamani haijapandishwa, mwandishi anaitwa mbele ya kamati ya uhariri ya jarida husika aeleze kwa mdomo kazi ilifanyikaje na nani alifanya nini. Niliipigania mimi, baada ya mhadhiri mmoja kugundulika amemwandika mwanawe wa chekechea kuwa mwandishi mwenza. Wazee wa chuo wanaliita jambo hilo "kupanda kizimbani", na wengi wanalichukulia kama mzaha. Wanaongea dakika chache, wanakunywa chai, wanaondoka.

Na kila kamati ina kiti kimoja cha mtu wa nje ya fani. Kwenye jarida la afya kiti hicho kilikuwa wazi. Nikaanza kumtafuta Afande kama mtu anavyotafuta dawa ya jino.

Afande ni mwanamke aliyestaafu kwa cheo kikubwa, mrefu, mkavu, mwenye shahada mbili za sheria, na siku hizi anafundisha haki za wafungwa upande wa pili wa chuo. Zamani alikuwa mkuu wa gereza la wanawake. Gereza lile lile. Nilipofika ofisini kwake nikataja kwamba mimi ni mdogo wake yule muuguzi aliyekuwa akikaa sakafuni, alivua miwani.

"Yuko wapi yule binti?" akauliza. "Wafungwa wangu walimlilia alipomaliza. Nilingoja niisome kazi yake, jina lake sikuliona popote."

"Ipo, Afande. Ilitoka kwa jina la mumewe."

Aliifuta miwani, akaivaa, akaniuliza kikao ni lini.

Kwa Mhariri Mkuu wa sasa, daktari mzee asiyependa ugomvi, nilisema wazi kwamba anayekuja aliwahi kuwa shemeji yangu na sina mapenzi naye. Kanuni zinataka hivyo. Akaniambia basi nisipige kura, nikae pembeni niandike yanayosemwa. Nikasema ahsante. Kura sikuihitaji. Nilihitaji kiti tu, tena cha kumtazama usoni.

Siku ya siku akaja, suti ya rangi ya maziwa, akawapa mkono mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa Afande akainama kidogo.

"Nafurahi kukufahamu, mama."

"Na mimi pia, Profesa," akasema Afande.

Nilitaka kusimama nishangilie. Mtu anadai alishinda mwaka mzima ndani ya gereza, na mkuu wa gereza anamwambia nafurahi kukufahamu! Niliuma mdomo nikaandika tarehe.

Mhariri Mkuu akamwomba aeleze. Na yeye, jamani, angeweza kusema maneno mawili ya kupita. Angesema ni kazi ya zamani, nilikuwa na wasaidizi, nashukuru. Tungekwama hapo. Lakini mtu anayesaka unaibu hawezi kuongea kidogo. Alijiegemeza kwenye kiti.

"Ilikuwa kazi ya moyo," akasema. "Niliifanya peke yangu. Nilikuwa naingia mabwenini asubuhi, naketi sakafuni na wale akina mama. Damu niliwachukua kwa mikono yangu hii. Mwanzoni waliogopa, baadaye wakanizoea, wakawa wananiita daktari wetu."

Sakafuni. Hata sakafu ya dada aliichukua. Kalamu ilitoboa karatasi.

"Samahani, Profesa," akasema Afande taratibu. "Mimi si mtu wa afya, naomba nielimishwe. Uliingia bweni lipi?"

"Yote, mama."

"Nani alikuwa anakufungulia?"

"Askari wa zamu. Nakumbuka bwana mmoja, mpole sana, tulikuwa tunataniana."

"Bwana?"

"Ndiyo. Mwenye masharubu."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nilikuwa sijawahi kuiona ikiwa fupi namna ile.

Afande alikunja mikono mezani. "Gereza lile halina askari mwanamume ndani ya lango la pili. Halijawahi kuwa naye. Mwanamume pekee aliyefika kwenye mabweni miaka ile alikuwa fundi bomba, akisindikizwa na askari wawili wa kike, na wafungwa wakiwa wametolewa uani. Nafahamu kwa sababu kibali cha fundi bomba nilikitoa mimi. Nilikuwa mkuu wa gereza hilo, Profesa. Ofisi yangu ilikuwa pale pale langoni. Mtu hakuweza kuingia kuchukua hata ufagio bila kunisalimia."

Shemeji akanigeukia, na hapo ndipo alipojua. Nilimtazama bila kupepesa. Miaka yote ile nilikuwa najiuliza siku hiyo nitajisikiaje, na nilijisikia vizuri kabisa.

"Labda nimechanganya kidogo," akasema. "Ni zamani. Kulikuwa na msaidizi aliyeingia kwa niaba yangu."

"Umesema peke yako," Mhariri Mkuu akamkumbusha. Mzee asiyependa ugomvi alikuwa ameweka kikombe chini. "Msaidizi huyo aliitwa nani?"

Alirekebisha tai yake.

"Profesa, anayechukua damu ndiye aliyefanya utafiti. Lazima tumjue. Anaitwa nani?"

Akalitaja. Alilitaja kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa mwandishi wa kikao na nina haki ya kusikia.

"Naomba urudie," nikasema. "Sijaliandika vizuri."

Akarudia.

"Huyo ndiye ninayemjua," akasema Afande.

Mhariri Mkuu akamuuliza nani aliandika makala. Akajikanyaga kanyaga, mwishoni akakubali kwamba rasimu ilikuwa ya huyo huyo, yeye aliinyoosha lugha. Mzee akamjibu kwamba mnyoosha lugha hushukuriwa mwisho wa makala, hawi mwandishi. Wiki iliyofuata kamati ilimwita dada. Sikuruhusiwa kuingia. Nilikaa kwenye ngazi na Mbio, ambaye kwa mara ya kwanza nilimwona akitazama saa. Dada alitoka akiwa amesimama wima kuliko alivyoingia, akaniambia walimuuliza maswali ya maana, na kwamba hajaulizwa maswali ya maana siku nyingi.

Uamuzi ukatoka. Makala itabaki kama ilivyo, namba zake ni sahihi, vidonge salama. Jina la Profesa linaondolewa. Mwandishi ni dada, peke yake. Juu kabisa ya makala litakaa tangazo la masahihisho likieleza kwamba aliyetajwa awali hakufanya utafiti wala hakuandika, na tangazo hilo, kama kila kitu chetu, halitafutwa.

Nilikuwa nimelilia maandishi mekundu, lakini usiku ule nililala nikicheka peke yangu. Ningeibatilisha, angekuwa amepoteza makala tu. Sasa ilikuwa hai, inasomwa, inasifiwa, na mwenyewe ni yule mke aliyetalikiwa naye. Siku ya tatu tukasikia jina lake halimo tena kwenye orodha ya unaibu.

Tangazo nililiandaa mimi. Nilikuwa nalipanga, Mbio amekaa kando yangu, mlango ukafunguliwa. Manukato hayakutangulia safari hii. Suti ilikuwa na mkunjo mgongoni, nadhani aliketi sana kwenye gari kabla ya kushuka.

"Shemeji, nakuomba," akasema. "Ibatilishe yote. Piga hayo maandishi yenu. Niko tayari kusaini kwamba namba zilikuwa na kasoro."

"Namba hazina kasoro."

"Basi nisikilize na hili. Wakati ule alikuwa mke wangu. Vitambulisho vyake vyote, kibali cha gereza, kila kitu, alikuwa anatumia jina la ukoo wangu. Kanuni zenu zinasema jina la mwandishi liandikwe lilivyokuwa wakati wa utafiti. Nimezisoma. Nakuomba uzifuate tu."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mtu huyu alikuwa amenyang'anywa makala akiona, na bado anataka ukoo wake ukae juu yake, ili anayesoma haraka adhani ni yeye, au ndugu yake, au basi hata harufu yake.

Lakini kanuni alizisoma kweli. Ndivyo zinavyosema.

"Umesoma nusu," nikamwambia. "Nusu nyingine inasema isipokuwa mwandishi mwenyewe akitaka vingine. Ngoja tumuulize mwandishi."

Nikampigia dada, nikaweka sauti kubwa. Nilimweleza kila kitu, na kwamba aliyelileta ombi amesimama mbele yangu. Sikuongeza chumvi. Nyuma yake nilisikia wanafunzi wanaburuta viti, halafu mlango ukifungwa.

Niliogopa, siwafichi. Dada ni mtu wa huruma kupita kiasi. Kwa jina lile la mume alifanya kazi yake nzuri kuliko zote, ndilo walilomjua nalo wale wanawake gerezani. Angeweza kusema liache tu, yaishe. Mbio aliacha kutafuna kalamu.

"Liandike la baba," akasema dada.

"La baba yetu?"

"Jina langu alilonipa, na la kwake. Katikati usiweke kitu."

Nikaliandika herufi moja moja, kioo nimekigeuza kidogo ili mgeni wetu aone vizuri. Nikamuuliza dada kama nimeliandika sawa, nikamsomea. Akasema sawa. Nikabonyeza. Makala ikapanda, na kwenye makala nzima, ukiacha tangazo la kumkana, hakukubaki hata alama moja ya Profesa Suti.

Alikuwa ameshika ukingo wa meza. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, midomo imekauka.

"Naomba maji," akasema.

Jagi lilikuwa pembeni yangu, limejaa. Nililitazama, nikamtazama yeye. "Bomba liko nje, karibu na choo. Kitasa kimeharibika, utasukuma kwa bega."

Simu ilikuwa bado haijakatwa.

"Mpe maji, mdogo wangu," akasema dada. "Maji hayana mwenyewe."

Nikamimina kwenye kikombe cha plastiki, nikamsogezea. Alikunywa amesimama, maana sikumwambia aketi.